Roketi Isiyorudi Haikuruka

Siku Wendell Barkus alipomwona Idella Stokke kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amesimama juu ya boneti ya gari lake katikati ya ziwa kavu, viatu mkononi, akiitukana ardhi. Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili, wakati ambao hata mbwa wa mji wa Gerlach wanajua kwamba uso wa ziwa umekauka juu kwa kudanganya tu, chini bado ni uji. Gari lilikuwa limekalia tumbo. Juu ya paa, limeviringishwa mablanketi na kufungwa kwa kamba za kila rangi, lilikuwapo bomba jeusi refu kuliko gari lenyewe.

Wendell alikuwa akirudi na greda la kaunti, baada ya kuparua barabara ya vumbi inayopita pembeni. Hakuitwa na mtu. Aliona tu kiatu kinachopungwa hewani.

"Umechelewa!" Idella alimpigia kelele kabla hajazima injini.

"Sikuitwa, mama."

"Ungeitwaje, na simu hapa haishiki? Mpaka uitwe? Wewe ukiona nyumba inaungua hungoja barua? Haya, shika hii."

Akamtupia kifurushi cha blanketi la mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na kitu cheupe, kirefu, chenye ncha kama karoti iliyomenywa.

"Hiyo ndiyo pua yake. Ikigonga kitu, nami nitakugonga wewe."

Wendell alikuwa mtu wa haya. Umri wake ulikuwa umeshapita nusu ya maisha, na katika umri wote huo hakuwa amewahi kumjibu mwanamke mkali zaidi ya maneno mawili. Baba yake alimtoa shule mapema akachunge ng'ombe, na ng'ombe hawamfundishi mtu mazungumzo. Basi akakaa kwenye greda na pua ya roketi mapajani, akalivuta gari polepole kutoka kwenye tope, huku Idella akitembea pembeni na soksi zake akimwelekeza: kulia, kulia, si kulia hiyo, kulia yangu! Wendell aliwahi kuvuta matrekta, fahali aliyekufa, na bwana harusi mlevi pamoja na farasi wake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomgombeza njia nzima.

Walipofika pagumu, akajikaza kuuliza. "Hilo bomba ni la maji?"

"Bomba la maji!" Idella alishika kiuno. "Huyu ni Shangazi Berta. Kesho anakwenda juu, nawe utakuja na gari lako kunisaidia kumtafuta akishuka, maana langu umelivunja bampa."

Bampa ilikuwa imevunjika zamani, na kutu ilikuwa shahidi. Wendell alifungua mdomo, akaufunga. Hapo ndipo alipojitia kitanzi.

Idella alizaliwa kwenye shamba la viazisukari huko Dakota Kaskazini. Mama yake alipokufa alilelewa na dada za baba yake, kundi zima la wanawake wembamba ambao kwao mtoto mwema ni yule aliyeketi. Keti, Idella. Teremka kwenye paa, Idella. Ndiyo maana kila roketi aliyoitengeneza aliipa jina la shangazi mmoja. "Wote walinikalisha chini," alipenda kusema. "Sasa nawapandisha juu, na wala siwaombi ruhusa."

Aliolewa katika mji wa Winnemucca, akaendesha basi la shule mpaka nywele zikageuka mvi. Watoto walimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Siku moja akamnyang'anya mvulana wa kiti cha nyuma kiroketi cha karatasi, kile cha kuchezea, aende nacho nyumbani kisilete fujo ndani ya basi. Jioni akakijaribu uani. Mvulana alinunuliwa kingine kesho yake. Idella akabaki na ugonjwa.

Kwanza zilikuwa ndogo, za kufika juu ya nguzo za umeme. Kisha zikawa za kufika kwenye mawingu. Kisha akaanza kuzungusha nyuzi za kaboni na gundi juu ya meza ya jikoni, na kuzikausha ndani ya jiko la kuokea, mpaka likaharibika kabisa kwa chakula. Kila nyama iliyopita humo ilinuka kiwanda. Mume wake, Ansel, alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, mtu mpole; alikula chakula baridi miaka mingi bila kulalamika. Alipofariki, Idella alilia kwa haki, kisha akamwambia kila aliyefika kutoa pole kwamba marehemu alikuwa mtu mwema sana, ila meza ilikuwa ndogo kwa watu wawili.

Alilotaka lilikuwa moja: futi laki moja. Si ukingoni mwa anga wala kwenye nyota, na magazeti hayakumhusu. Laki moja, akae chini apumzike. Watu wa klabu ya roketi, waliokuja ziwani na mahema yao, masufuria yao ya maharage ya pilipili na vumbi lao ndani ya mikate, walikuwa na wachache waliowahi kuipita. Idella hakuwemo. Berta mapezi yake yaling'oka njiani. Shangazi Gudrun alitoa parachuti mapema, ikachanika kama gazeti. Shangazi Olga alikwenda vizuri, vizuri kweli, kisha akaamua kulala ubavu huko juu na kuelekea milimani kama mtu aliyesahau kitu.

Na katika klabu ile palikuwa na sheria moja iliyozidi zote: roketi isiyorudi haikuruka. Useme umeiona ikipotea juu ya jua, ulete mashahidi ishirini, ulie machozi, haisaidii. Mpaka uibebe na vumbi lake, uiweke juu ya meza ya Delmar Quist, mkuu wa uwanja, na kile kipimo kidogo cha ndani kilie mbele ya watu kutaja urefu kilioufikia. Hapo tu ndipo Delmar huchukua chaki na kuandika jina lako ubaoni.

Hakuna aliyeilinda sheria hiyo kuliko Idella. Mwaka mmoja kijana mmoja mhandisi kutoka California alipoteza yake na kuja mezani akitetemeka.

"Ilipita laki, naapa! Niliiona kwa macho yangu!"

Idella alikuwa akila donati. "Kijana, roketi yako bado iko kwenye sanduku lake. Haijaruka."

"Mama, nimekwambia nimeiona!"

"Na mimi nilimwona mume wangu akiahidi kufagia gereji. Nenda ukatafute."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Na wa kwenda kutafuta zake alikuwa Wendell.

Ukimwuliza Wendell kwa nini alikubali, mwaka baada ya mwaka, hutikisa kichwa kama farasi anayefukuza nzi. Kila mkusanyiko ulipokwisha aliapa: basi, hii ndiyo ya mwisho, atafute dereva mwingine wa kumpasua kichwa. Kisha lile gari lenye bampa ya kutu likaonekana tena kwenye barabara ya Gerlach, naye akajikuta anajaza maji kwenye madumu. Pengine ni kwa sababu watu wengine walipozungumza naye walingoja ajibu, na kule kungoja kulimtesa. Idella hakungoja.

Walizunguka jangwa lote hilo wawili, yeye usukani, Idella pembeni na antena nje ya dirisha kama anavua samaki hewani. Ndani ya pua ya kila roketi mlikuwa na redio ndogo inayolia, na antena ndiyo iliyoisikia. Kwa nadharia. Kwa vitendo, redio ilitaja upande, na Idella alitaja upande mwingine.

"Kushoto!"

"Redio inasema kulia, Bi Idella."

"Redio nimeitengeneza mimi. Mimi ndiye ninayeiambia."

Na walipofika mahali penyewe, adha nyingine ikaanza: pua nyeupe, ardhi nyeupe. Mtu angeweza kuikanyaga asiione. Wendell, ambaye hakuwa akilalamika juu ya kitu chochote duniani, alilalamika juu ya hilo.

"Bi Idella, ipake basi rangi. Rangi ya kung'aa, mtu aione kwa mbali. Macho yangu yatanitoka."

"Nyeupe ndiyo inayonipendeza."

"Nyeupe juu ya nyeupe! Ni kutafuta yai kwenye theluji!"

"Basi tafuta kama kuku, utaliona."

Akasema mwaka huo, akasema uliofuata, akasema mpaka maneno yakapauka. Alikuwa kama anayempigia mbuzi gitaa.

Ukaja mwaka ambao magoti ya Idella yalikataa kupanda ngazi ya kurushia, na moyo wake nao ukaanza kuruka mapigo. Binti yake, Corinne, alikuwa na akili ya kupanga mambo. Nyumba ya Winnemucca ikauzwa. Mama atahamia Spokane, kwenye chumba cha chini chenye zulia, mara tu baada ya mkusanyiko wa Septemba. Zulia na gundi havipatani, na Corinne alilisema hilo wazi: roketi basi.

Kwa hiyo ilibaki zamu moja ya kurusha, na roketi moja. Idella aliiita Shangazi Hulda, yule aliyekuwa mkali kuwapita wote, aliyemfungia kabatini kwa kosa la kupiga mluzi. Aliitengeneza majira yote ya joto. Hulda ifike laki na irudi; la sivyo Idella Stokke angekwenda kukaa juu ya zulia bila jina lake kuwahi kufika kwenye ubao ule kwa urefu alioutaka.

Asubuhi ya kurusha hakukuwa na upepo. Idella alimwita Wendell kando ya gari, akaondoa lile blanketi la mtoto mchanga. Pua ya Hulda iling'aa kama kijiko cha fedha.

"Haya. Miaka yote unanipigia kelele. Nimekusikia. Umefurahi?"

Wendell hakujua aweke wapi mikono yake. Katika maisha yake hakumbuki mtu aliyewahi kubadilisha kitu kwa sababu yeye alisema. Alisema tu, "Inaonekana vizuri," akageuka kwenda kuangalia matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Wakaisimamisha Hulda kwenye reli yake. Redio ilijaribiwa pale pale, ikalia sawasawa, maana aliye karibu nawe utamsikia hata akiwa ameziba mdomo. Delmar Quist akaomba ruhusa ya anga kwa redio ya ndege, akapewa. Watu wakarudi nyuma, kofia mkononi.

Ilikwenda. Kwanza moto, kisha mahali ilipokuwa pakawa moshi mtupu, kisha ndipo mlio ukawafikia vifuani. Hakuna aliyewahi kumwona shangazi yeyote akienda namna ile, wima, kama uzi uliovutwa na mtu wa juu. Ikawa nukta. Nukta ikaisha. Idella alikuwa amemshika Wendell mkono wa shati bila kujua, na shati lilichanika kwapani.

"Sikiliza redio," Delmar alisema.

Idella akainua antena. Hakuna kitu. Akaigeuza. Akaipiga kofi. Mkwaruzo tu, kama mtu anayekaanga mafuta matupu.

Delmar alikuwa mzee mpole mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kwenye kofia. Akamsogelea Idella. "Idella. Ile rangi ya puani, kopo lake liko wapi?"

Kopo lilikuwa chini ya kiti cha gari. Delmar alibadilisha miwani akasoma nyuma yake. Akasoma tena kwa sauti: "Ina unga wa alumini."

Hakuna aliyecheka. Kila mgeni wa klabu ile, siku yake ya kwanza, huketishwa chini na kuhubiriwa jambo hili kabla hajapewa kahawa: redio haisikiki kupitia chuma, usiweke chuma puani, wala karatasi ya chuma, wala rangi yenye chuma, maana utakuwa umemziba mtoto mdomo kisha unamwita. Na mhubiri wa jambo hilo, mwaka baada ya mwaka, huku akimnyooshea mtu kidole, alikuwa Idella.

"Ulikuwa umeshaijaribu nyumbani?" Delmar aliuliza kwa upole.

"Kabla ya rangi," Idella alisema. Kisha akamgeukia Wendell taratibu. "Miaka yote sikukusikia, na tulikuwa tunazipata. Siku niliyokusikia, tazama."

"Mimi nilisema ya kung'aa! Sikusema ya chuma! Ipo ya machungwa, ipo ya pinki, ipo..." Wendell alisikia sauti yake mwenyewe ikipaa mbele ya watu, akanyamaza, masikio yakiwaka.

"Pinki," Idella alisema. "Hulda na pinki."

Walitafuta mpaka mkusanyiko ukavunjwa na mahema yakaondoka. Walitafuta upande wa reli ya treni, upande wa chemchemi za moto, upande wa milima. Corinne alikuja na gari lililojaa masanduku, akakaa ndani na kiyoyozi, akipiga honi kila mara. Mwishowe alishuka.

"Mama, inatosha. Ni bomba."

"Ni shangazi yako mkubwa."

"Mama, ingia garini."

Idella aliingia. Hakumuaga Wendell, alishusha kioo akamwambia kwamba upepo wa huko juu ulikuwa wa kusini-magharibi, asiende kupoteza mafuta upande wa reli kama mjinga. Kisha wakaondoka.

Ubaoni Delmar hakuandika kitu. Ndiyo sheria. Lakini watu ni watu. Kufikia mkusanyiko uliofuata walikuwa wakisema Hulda ilifika laki na ushei, na baadaye laki na elfu ishirini, na mmoja akaapa ilivuka kabisa na bado inazunguka. Mpaka leo, na Idella amekwisha kuzikwa huko Spokane, wageni humuuliza Wendell kama roketi ile iliwahi kupatikana. Wendell huomba apitishiwe chumvi.

Aliipata. Majira yote ya baridi alikuwa akitoka siku zake za mapumziko, akitoboa matairi, akizama pale pale alipomkuta Idella siku ya kwanza, akigombana naye ndani ya gari lisilo na mtu. "Upepo wa kusini-magharibi, upepo wa kusini-magharibi! Haya, nimekuja, iko wapi?" Kufikia Mei alikuwa ameapa mara nyingi kwamba hii ndiyo ya mwisho, kiasi kwamba kiapo kilikuwa hakina ladha. Alikuwa njiani kurudi, jua la asubuhi begani, alipoona kwenye mteremko wa mbali kitu kimemkonyeza. Akasimamisha gari. Kikamkonyeza tena. Iling'aa kama alivyosema ingeng'aa, na hapakuwa na kiumbe hata mmoja karibu wa kumkubalia kwamba hakukosea.

Hakuipeleka kwa Delmar. Aliileta nyumbani kwake, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akanawa mikono, akapiga simu Spokane.

"Bi Idella. Nimeipata."

"Nzima?"

"Parachuti imechanika. Mengine mazima. Niliiona kwa sababu iling'aa."

"Usianze."

"Nasema tu. Iling'aa."

"Wendell, nimekwambia usianze. Umesikiliza kipimo?"

"Bado. Nimeona ni chako, ukisikie wewe kwanza."

Alisikia pumzi yake, fupi, ya mtu aliyepanda ngazi. "Weka betri. Nisogezee simu."

Kipimo kile kilitaja urefu kwa milio, tarakimu kwa tarakimu. Wote wawili walijua. Laki moja na chochote ingeanza kwa mlio mmoja, kisha kimya. Wendell alibana betri kwa kidole gumba.

Kikalia mara moja.

Kikalia tena, bila kutulia, na Wendell akafumba macho. Kikaendelea mpaka mara ya tisa. Kikapumzika, kikaanza tarakimu ya pili, nane, kikamaliza zilizobaki, kikarudia tangu mwanzo kwa uaminifu, kama mwanafunzi aliyekariri.

"Tisini na nane elfu," Idella alisema. "Na kitu."

"Na mia sita na zaidi. Ni juu sana, Bi Idella. Shangazi wote hawajafika hapo. Delmar atakuandika..."

"Nani mwingine amesikia?"

"Mimi tu."

"Umemwambia mtu?"

"Mimi huwa namwambia nani?"

"Itoe hiyo betri, inanisuta kama Hulda mwenyewe."

Akaitoa. Kwa mbali alimsikia Corinne akiuliza mama anazungumza na nani.

"Wendell," Idella alisema, "umeiokota wapi hasa?"

Akamweleza: mteremko gani, jiwe gani. Akaeleza vizuri, akidhani mama huyo anataka tu kuhakikisha kwamba hakukosea kuhusu upepo. Alipomaliza ndipo Idella alipomwambia anachotaka, naye Wendell, aliyekuwa mtu wa haya, alipiga meza mpaka roketi ikaruka.

"Niirudishe? Nimeitafuta tangu Septemba! Matairi yangu, mgongo wangu, sikukuu zangu zote! Miaka nenda miaka rudi unanipeleka kulia, unanipeleka kushoto, leo nimeishika mkononi unaniambia niirudishe? Una akili wewe mama? Unanisikia lakini?"

"Nakusikia," alisema Idella. "Nilikusikia mara moja, yakanikuta. Sasa nisikie wewe. Irudishe ulikoiokota. Roketi isiyorudi haikuruka, na kama haikuruka, basi zamu yangu bado ipo."